Tela ya Wakfu na Jicho la Nyuma



Wiki hii tulikusudia kuendelea na mada ya malezi kama tulivyoahidi, lakini limetangulia deni jingine. Lipo jambo lililotokea katika uwanja wa madrasa yetu ambalo wengi wenu mmelisikia nusu, na nusu hiyo ilimridhisha kila mtu isipokuwa dereva. Leo tutaieleza habari yote. Ndani yake tutaeleza pia namna tela yetu ilivyotiwa kamera ya nyuma, maana wapo miongoni mwenu wanaovuta tela za maji, za mbao na za mashua, nao huenda wakanufaika.

Tela yenyewe mnaijua. Iliwekwa wakfu na mzee mmoja wa mtaa huu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ili watu wasikodi vyombo wakati wa furaha wala wakati wa huzuni. Ni tela ya magurudumu mawili, fremu yake ni ya chuma, mbavu zake ni za bati, na juu hufunikwa turubai. Hubeba viti 100, majamvi, mahema mawili, masufuria makubwa ya pilau na mabirika ya kunawia. Hakuna arusi wala msiba wa mtaani usioiona tela hiyo. Huvutwa na basi dogo la madrasa, Toyota HiAce ya mtumba iliyotoka Japani, ambayo mpaka leo skrini yake humsemesha dereva kwa Kijapani kila inapowashwa, na watoto nao huiitikia, "Labeka!"

Jumamosi moja, baada ya Alasiri, tulirudi nayo kutoka msibani. Lango la uwanja linatazama barabara nyembamba, na ndani hakuna nafasi ya kugeuza, basi hapana budi tela iingie kinyumenyume. Dereva wetu ni mzee wa miaka 63 ambaye ujana wake wote aliumaliza katika malori ya Mombasa kwenda Kampala. Kazi hiyo huifanya bila kugusa ukuta. Ila ana sharti moja, kwamba lazima mtu mmoja asimame nyuma amwelekeze. Siku ile mtu huyo tulikuwa sisi, mwandishi wa waraka huu.

Yafaa tueleze kwa nini sharti hilo si la mchezo. Gari linapokuwa peke yake, dereva ana kioo cha ndani na vioo viwili vya pembeni. Likishaunganishwa na tela, kioo cha ndani hakina kazi tena, maana kinatazama bati na turubai. Vioo vya pembeni huonyesha mbavu za tela tu, na pindi tela inapojipinda, kimoja huonyesha ubavu wake na kingine huonyesha ukuta. Basi letu lilikuja na kamera yake ya nyuma kutoka Japani, lakini tela ikishafungwa, kamera hiyo haioni kitu ila ubao wa mbele wa tela. Kwa hiyo sehemu yote iliyo nyuma ya tela ni giza kwa dereva. Jicho lake pekee ni la yule aliyesimama kule.

Tela ilipokuwa nusu ndani, nusu barabarani, simu yetu ililia. Alikuwa mwenye arusi ya Jumapili akitaka kujua kama mahema yatafika kabla ya Adhuhuri. Tukaitoa mfukoni, tukaitazama, tukageuka ubavu ili tumsikie vizuri. Na hapa ndipo penye aibu yetu: mkono wetu wa pili haukuacha kumwashiria dereva, njoo, njoo, njoo. Macho yalikuwa kwingine, mkono ukiendelea kutoa ushahidi kwamba njia ni salama.

Mtoto wa miaka 4, mjukuu wa jirani yetu, alitoka mlangoni kwao akifuata mpira. Ukelele tuliousikia haukuwa wake. Ulikuwa wa mwanafunzi wetu mmoja, msichana wa miaka 12, aliyetupa msahafu wake mikononi mwa mwenziwe, akaruka na kumvuta mtoto kwa mkono. Dereva aliusikia ukelele akakanyaga breki. Tulipokwenda kutazama, chini ya gurudumu la kushoto palikuwa na kandambili moja ndogo ya buluu.

Mtoto hakupata hata mchubuko, alhamdulillah. Watu wakakusanyika, na kama ilivyo ada yetu, kila mmoja akasema, "Ajali haina kinga." Kisha baada ya kushukuru wakaanza kutafuta wa kulaumiwa, na hawakwenda mbali. Wakasema mzee macho yamechoka. Wakasema umri umekwenda, apumzishwe, atafutwe kijana. Wengine waliyasema hayo mbele yake. Yeye alikuwa akifungua tela na hakujibu. Sisi nasi tulinyamaza. Tulijiambia kwamba tunanyamaza ili fitina isikue.

Usiku ule bibi yake mtoto alikuja nyumbani na mjukuu wake mgongoni, amelala. Alikataa kuketi. Akasema, "Sheikh, sikuja kulaumu. Mtoto wangu mzima, nami namshukuru Mungu. Nauliza tu. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma. Ulikuwa ukiangalia nini?"

Hatukumjibu. Tulimsomea mtoto dua, na dua ni jambo jema, lakini usiku ule tuliifanya pazia la kujificha. Bibi akaitikia amin, akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Swali lake likabaki sebuleni.

Kwa kuwa usingizi haukuja, tulianza kusoma juu ya ajali za namna hii. Tulidhani ni balaa ya viwanja vyetu vyembamba, kumbe hata nchi zenye njia pana zinaijua. Mwaka 2002, katika jimbo la New York nchini Marekani, daktari mmoja wa watoto alikuwa akirudisha gari lake nyuma nyumbani kwake. Nyuma yake alikuwa mwanawe, Cameron Gulbransen, mwenye umri wa miaka 2, naye hakumwona. Mtoto akafa. Hebu fikirini, ndugu zetu: daktari wa watoto, na mtoto ni wake, na mahali ni nyumbani kwake.

Baba yule angeweza kusema kwamba ajali haina kinga, na nani angethubutu kumbishia? Lakini yeye pamoja na wazazi wengine waliofikwa na msiba kama wake walitoka hadharani kuiomba serikali yao iweke kanuni. Sheria yenye jina la mtoto yule ilitiwa saini na Rais George W. Bush mwaka 2008. Kanuni zenyewe zikacheleweshwa mara kadhaa hata zikakamilika mwaka 2014. Wakati huo serikali yao ilikadiria kwamba watu wapatao 210 hufa kila mwaka nchini humo kwa magari yanayorudi nyuma, na karibu thuluthi yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Tangu Mei 2018, kila gari dogo jipya linalouzwa huko lazima limwonyeshe dereva eneo la nyuma yake lenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 20. Tangu kufa kwa mtoto hadi siku hiyo ni karibu miaka 16. Wazazi wale walikuwa wakihangaikia watoto wa watu wengine, kwani wao wenyewe walikwisha kuzika.

Hata hivyo kanuni hiyo inahusu magari yenyewe, haikuifikia tela. Mwenye kuvuta tela, awe Marekani au awe kwetu, lazima ajitafutie mwenyewe jicho la nyuma.

Siku ya Jumanne kamati ilikutana. Tukapendekeza tela itiwe kamera. Mjumbe mmoja akasema hiyo ni anasa, fedha afadhali zinunue majamvi. Mwingine akarudia kwamba ajali haina kinga na lililoandikwa limeandikwa. Tukamkumbusha habari ya yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, akidhani huko ndiko kumtegemea Mola, na namna alivyofundishwa kwamba kufunga kunatangulia. Ukweli ni kwamba ipo ajali isiyo na kinga, na ipo ajali yenye kinga ambayo mtu hakuitumia. Tukiyachanganya mambo haya mawili, tunamsingizia Mwenyezi Mungu uzembe wetu.

Mjumbe wa tatu, mtu wa elimu, aliuliza kama yafaa kuitoboa mali ya wakfu. Ni swali zuri na hatukulidharau. Tukajibu kwamba kinachozuiliwa ni kuigeuza mali hiyo ikaacha kusudio la aliyeitoa. Ama kuitengeneza ili kusudio lake liendelee bila kumdhuru mtu, hilo ni katika kuitunza. Wakaridhika. Kamera ikapitishwa.

Ndipo mwenyekiti akasema, "Sasa tuingie katika suala la dereva."

Dereva alikuwapo, ameketi karibu na mlango. Hapo tukaona kwamba tukinyamaza tena, kamera ile itakuwa pazia la pili. Tukaomba ruhusa ya kusema. Tukasema kwamba mzee hakukosa. Tukasema kwamba sisi ndio tuliokuwa tukiongea na simu huku mkono wetu ukimwita, na kwamba mtu aliyerudi nyuma kwa kufuata ishara ya aliyewekwa kuangalia hawezi kulaumiwa kwa kutokuona. Tukaomba radhi mbele yao na mbele yake.

Chumba kikanyamaza kwa muda. Kisha mzee akasema taratibu, bila kuinua macho, "Nilijua, Sheikh. Nilikuona katika kioo cha kulia umeshika simu, kabla tela haijajipinda ikakuficha. Nikasema moyoni, ni Sheikh, hawezi kuniita kama hajatazama."

Mwenyekiti akamuuliza mbona basi siku zote zile hakusema, hata aliposhutumiwa macho. Akajibu, "Ningemsema vipi Sheikh mbele ya watoto anaowasomesha?"

Ndugu zetu, tumesimama juu ya mimbari miaka mingi tukieleza maana ya amana. Jibu lile lilitufundisha juu ya amana zaidi ya tuliyowahi kuwaambia watu. Kwa siku tatu mzee aliyachukua mashutumu ambayo hayakuwa yake ili heshima yetu isiguswe, nasi tulimwacha ayachukue. Suala la dereva likafungwa pale pale. Mjumbe aliyekuwa wa kwanza kusema apumzishwe aliinuka akamshika mkono.

Sasa tuje kwenye kamera. Fundi alikuwa kijana tuliyemsomesha zamani, leo ni fundi wa umeme wa magari. Alikuja Jumamosi iliyofuata saa 2 asubuhi, nasi na mzee tukawa wasaidizi wake.

Jambo la kwanza alilouliza ni kama tunataka kamera ya waya au isiyo na waya. Isiyo na waya huvutia kwa sababu haihitaji kazi nyingi: kamera hupeleka picha kwa mawimbi, skrini huipokea. Lakini nyingi katika kamera hizo hutumia masafa ya GHz 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa pia na vifaa vingi vya intaneti majumbani, na picha inapaswa kupita katika bati la tela na mwili wa gari kabla ya kufika kwa dereva. Picha huweza kukatika au kuganda. Fundi akasema, "Maalim, picha iliyoganda ni mbaya kuliko skrini nyeusi. Skrini ikiwa nyeusi, mzee atasimama. Picha ikiganda, itamwonyesha uwanja mtupu na mtoto ameshaingia." Tukachagua waya.

Tatizo la waya ni kwamba tela hufunguliwa na kufungwa kila siku, basi waya hauwezi kuwa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tela yetu ina plagi ya duara yenye pini 7, iliyo maarufu kwa tela nyingi. Fundi aliifungua akatuonyesha: zimo nyaya za taa za kuashiria, kushoto na kulia, za taa za nyuma, ya breki, na ya athi. Hamna waya wa rivasi wala wa picha. Akatia plagi ya pili, ndogo, yenye kifuniko cha kuzuia maji, inayobeba umeme, athi na picha kwa pamoja. Urefu wa waya kati ya gari na tela aliuacha na mlegeo wa kutosha ili tela ikijipinda usivutike, lakini si mrefu hata ukaburura chini. Alitupimia kwa kumwambia mzee akate usukani mpaka mwisho, kulia kisha kushoto, huku yeye amechuchumaa akiutazama.

Skrini ndogo iliwekwa juu ya dashibodi, mahali isipomzuia dereva kuona barabara. Ili iwake yenyewe, fundi alitafuta waya wa taa ya rivasi kwa kipima umeme. Gia ikitiwa rivasi, waya ule hupata volti 12, na taa nyeupe ya nyuma huwaka. Waya wa kuamsha skrini ukaunganishwa hapo. Umeme wa kamera alipitisha katika fyuzi yake ndogo, karibu na ulikochukuliwa, ili waya ukikwaruzwa siku moja na kugusa chuma, fyuzi ikatike, gari lisiungue. Kamera ya zamani ya Japani hatukuiondoa. Nayo ina kazi yake wakati wa kuunga tela, kwani humwonyesha dereva tufe la chuma la nyuma ya gari likikaribia mdomo wa tela, hata akaweza kuunganisha bila kushuka mara kumi.

Kamera yenyewe tuliiweka juu ya fremu ya nyuma ya tela, katikati, si juu ya mlango, maana mlango wetu huangushwa chini wakati wa kupakua. Ikiwekwa chini sana huona karibu tu, na hupigwa na matope. Ikiwekwa juu na kuinamishwa, huona ardhi yote. Kipimo cha kuinamisha ni kwamba ukingo wa chini wa picha uonyeshe bampa ya tela yenyewe. Ukiiona bampa, hakuna nafasi iliyofichika kati yake na unachokitazama.

Kila tundu lililopita katika bati lilivikwa kipete cha mpira ili ukali wa bati usiukate waya, kisha likazibwa kwa gundi ya silikoni. Waya wote ukapitishwa ndani ya bomba la plastiki, ukafungwa kwenye chasisi kwa vifungo kila baada ya shubiri mbili. Maungio yakapakwa grisi, kwani sisi wa pwani tunajua chumvi ya hewa yetu inavyokula shaba.

Kisha yakaja mambo mawili ambayo hatukuyatarajia. La kwanza, picha ilikuja kinyume: aliyesimama kulia alionekana kushoto. Kamera nyingi za namna hii zina kitanzi kidogo cha waya ambacho kikikatwa hugeuza picha ikawa kama ya kioo. Fundi alikikata, pande zikakaa sawa. La pili, picha ilikuwa na mistari ya rangi ya kumwongoza dereva. Mzee aliitazama akasema, "Hii mistari ni mwongo." Ni kweli. Mistari ile imepimwa kwa gari, si kwa tela. Gari hufuata usukani, lakini tela hukwenda kinyume: ukikata kulia, mkia wake huenda kushoto. Fundi akakata kitanzi cha pili, mistari ikatoweka. Vijana mnaojifunza, mzee aliwapa kanuni ambayo haina kosa: shika usukani kwa chini, mkono wako uusogeze upande unaotaka mkia wa tela uende, nenda polepole, na tela ikijipinda sana usishindane nayo, bali songa mbele uinyooshe, uanze upya.

Kabla ya kumwachia mtu yeyote kusimama nyuma, tulijaribu kwa madumu. Tuliweka madumu ya lita 20, mawili mawili juu kwa juu ili yafikie kimo cha mtoto, katika sehemu tisa nyuma na pembeni mwa tela. Kwanza mzee alitazama kwa vioo peke yake. Katika sehemu tisa aliona mbili. Kisha akatia rivasi, skrini ikawaka, akaona saba. Mbili zilizobaki zilikuwa kando ya magurudumu, kushoto na kulia. Hizo kamera haizioni, na mojawapo ilikuwa hapo hapo tulipoikuta kandambili.

Tunaomba wasomaji msiipite sentensi hiyo haraka. Lau tungeishia kushangilia saba, tungekuwa tumenunua kisingizio kipya kwa shilingi 11,000, maana ndiyo gharama yote pamoja na ujira wa fundi. Kamera inampa dereva jicho. Haimwondoi aliyesimama nyuma katika kazi yake.

Kwa hiyo kamati imeweka utaratibu, nasi tunauandika hapa ili kila nyumba yenye gari iuchukue. Kabla ya kutia rivasi, dereva ashuke, aizunguke tela kwa miguu, na aifute kamera kwa kitambaa, maana vumbi na chumvi huifanya kipofu. Watoto wahesabiwe, wawekwe barazani, mtu mzima mmoja awe nao. Mwenye kuelekeza asimame ubavuni mahali ambapo dereva anamwona katika kioo. Akitoweka kiooni hata kwa sekunde moja, dereva asimame, awe ni nani huyo aliyetoweka. Mkono uliosimama maana yake ni simama, na mkono usioonekana maana yake pia ni simama. Simu ya mwenye kuelekeza ikae ndani ya gari. Hayo maneno "awe ni nani" aliyaongeza mzee, nasi tulikuwa wa kwanza kuyaunga mkono.

Jioni ile bibi alikuja na mjukuu wake kutazama. Mtoto alikuwa na kandambili mpya, ya kulia ameivaa kushoto. Mzee akamketisha juu ya kiti cha dereva mapajani mwake, gari likiwa limezimwa moto na breki ya mkono imevutwa, ufunguo ukawashwa kidogo na gia ikatiwa rivasi ili skrini iwake. Bibi akaenda nyuma ya tela. Mtoto alimwona kwenye skrini, akaigusa kwa kidole, akapiga kelele, "Bibi yumo!" Ilibidi bibi apunge mkono mara nyingi.

Aliporudi mbele, akatutazama. Tukaona kwamba swali lake la usiku ule lilikuwa bado linangoja jibu. Tukamwambia, "Bi mkubwa, uliniuliza nilikuwa nikiangalia nini. Nilikuwa nikiangalia simu. Nilikuficha, na nakuomba unisamehe." Mtaona hapo tuliacha kusema "sisi." Mbele yake hatukuweza.

Bibi alikaa kimya, akamweka mjukuu wake sawa mgongoni. Kisha akasema, "Nimesamehe, Sheikh. Na kesho tela ikienda arusini, nani atasimama nyuma?"

Tukamwambia kwamba ni sisi.

"Basi simu nipe mimi nikuwekee," akasema, akanyosha mkono.

Tulimpa. Tangu siku hiyo, kila tela inapoingia, simu yetu huwa barazani kwa bibi. Wenye arusi mnaotupigia wakati huo na kusikia sauti ya mwanamke ikiwaambia kwamba Sheikh yuko kazini, msishangae. Subirini, tutawapigia.

Juma lijalo, inshallah, tutarudi kwenye mada yetu ya malezi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.